Ukiumia kiungo au msuli: jinsi ya kuutunza mwili mpaka urudi kazini na uwanjani

Wanaoingia kwenye chumba changu cha fiziotherapia huja na maswali mawili. La kwanza ni "Nipumzike kwa muda gani?" La pili huja wiki chache baadaye: "Haumi tena, nirudi?" Nimefanya kazi hii miaka mingi, wodini na kando ya kiwanja, na naamini maswali haya ndiyo yanayowarudisha watu kwangu na jeraha lile lile. Msuli, kano na ligamenti haviponi kwa kungojwa. Vinapona kwa kupewa kazi inayolingana na nguvu viliyo nayo siku hiyo, kisha kazi hiyo ikaongezwa kidogo kidogo. Na maumivu huondoka mapema, muda mrefu kabla nguvu haijarudi. Kwa hiyo ninachotaka ujifunze hapa ni mambo mawili: kazi gani ulipatie jeraha lako leo, na utajuaje kama umezidisha.

Nitakaa zaidi kwenye kifundo cha mguu, kwa sababu ndicho ninachokipokea mara nyingi kuliko vingine, na ukikielewa kifundo utaelewa pia goti na bega. Maneno mawili tuyaweke sawa kwanza. Ligamenti ni nyuzi ngumu zinazofunga mfupa kwa mfupa mwenzake. Kano huunganisha msuli na mfupa. Ukiteguka umevuta au umechana ligamenti. Ukikimbia kwa kasi ukasikia kitu kimekatika nyuma ya paja, huo ni msuli.

Hakikisha kwanza kwamba si mfupa

Kabla sijagusa mguu ulioumia, naushika ule mzima. Nambonyeza mgonjwa pale pale nitakapobonyeza upande wa pili, ili ajue mkono wangu una uzito gani na mfupa usioumia unahisije. Nyumbani fanya hivyo hivyo.

Tafuta zile nundu mbili za mfupa, ya nje na ya ndani ya kifundo. Bonyeza ukingo wa nyuma wa kila moja, kuanzia ncha ya chini ukipanda sentimita 6. Halafu bonyeza ile nundu iliyo katikati ya ukingo wa nje wa mguu, mahali mfupa wa kidole kidogo unapoanzia. Mwisho bonyeza mfupa ulio upande wa ndani, juu ya uvungu wa unyayo. Kisha simama ujaribu kutembea hatua 4. Kuchechemea kunakubalika, mradi uzito wako uhame mguu hadi mguu.

Mfupa ukiuma sehemu yoyote kati ya hizo, au ikiwa ulishindwa kwenda hatua 4 pale ulipoumia na sasa unashindwa pia, nenda ukapigwe picha ya eksirei. Kanuni hii ilitengenezwa Ottawa, Kanada, na daktari Ian Stiell na wenzake, ikachapishwa mwaka 1992, na ni nadra sana mfupa uliovunjika kuiponyoka. Haimfai mtu aliyelewa, wala mwenye kisukari aliyepoteza hisia miguuni, kwa sababu wote wawili wanaweza kutembea juu ya mfupa uliovunjika bila kuhisi. Hao waende hospitali moja kwa moja.

Kwa goti, wenzetu hao hao wa Ottawa walitoa kanuni nyingine. Piga picha ikiwa umri wako ni miaka 55 au zaidi, ikiwa pia ya goti, kile kifupa cha duara kilicho mbele, inauma ikibonyezwa na mifupa mingine ya goti haiumi, ikiwa kichwa cha mfupa mwembamba upande wa nje chini ya goti kinauma, ikiwa goti halikunjiki kufikia pembe ya nyuzi 90, au ikiwa huwezi zile hatua 4.

Yako mambo mengine ambayo mazoezi hayayahusu kabisa, na ukiyaona usipoteze hata saa. Kiungo kilichotoka mahali pake au kilichopinda. Mguu au mkono uliopoa, uliopauka au uliokufa ganzi chini ya jeraha. Maumivu yanayozidi kupanda huku msuli umekaza na kujaa, hasa chini ya goti, na kila ukinyoosha vidole unapiga kelele. Kiungo kilichovimba, chekundu, cha moto, pamoja na homa. Shavu la mguu mmoja kuvimba na kuuma bila kuumia, hasa baada ya safari ndefu, upasuaji au kufungwa plasta, maana hilo linaweza kuwa damu iliyoganda ndani ya mshipa. Na kwa aliyeumia mgongo: ganzi sehemu za siri na makalioni, mkojo kugoma au kutoka wenyewe, miguu yote kuishiwa nguvu. Huyo anahitaji daktari wa upasuaji usiku huo huo.

Siku tatu za mwanzo

Siku hizi unalinda tu. Usijibebeshe uzito unaouma, lakini usijifungie kitandani pia. Funga bandeji ya mpira kuanzia karibu na vidole ukipanda juu, ikaze zaidi chini na ilegee kadiri inavyopanda. Vidole vikipoa, vikigeuka rangi au vikianza ganzi, fungua ufunge upya. Ukilala, kisigino kiwe juu kuliko kifua. Watu wengi huweka mto mmoja chini ya goti wakiwa wamekaa, na uvimbe haushuki kwa mto huo.

Barafu hutuliza maumivu, na hiyo ndiyo faida yake. Iweke dakika 10 hadi 15, kitambaa chenye unyevu kikiwa katikati, kamwe si juu ya ngozi tupu. Mwaka 1978 daktari wa Marekani, Gabe Mirkin, alitoa kanuni ya pumzika, barafu, bana na inua, ikaenea dunia nzima. Miongo kadhaa baadaye yeye mwenyewe aliandika kwamba barafu na mapumziko kamili vinaweza kuchelewesha kupona. Mgonjwa wangu akishindwa kulala usiku wa kwanza, namruhusu barafu. Kuikalia wiki mbili simruhusu.

Sasa nisikilize hapa. Siku hizi tatu usikande kwa maji ya moto, usichue kwa dawa yoyote, wala usimpe mtu mguu wako auvute "urudi mahali pake". Mishipa midogo ya damu imepasuka, na joto pamoja na kusugua huifanya iendelee kuvuja. Hatari kubwa zaidi iko kwenye paja lililopigwa goti na mpinzani. Damu iliyovilia ndani ya msuli wa paja, ikisuguliwa na kuvutwa mapema, inaweza kugeuka mfupa ndani ya msuli. Nimewatunza wachezaji wa namna hiyo, waliokuja na paja gumu lisilokunja goti, na pigo ambalo lingepona kwa wiki chache likawaweka nje kwa miezi. Paja lililopigwa hufungwa goti likiwa limekunjwa kiasi linachoweza bila kulazimishwa, likaachwa kimya, kisha likaanza kukunjwa na mwenyewe taratibu.

Kuhusu dawa, parasetamoli hutosha kwa wengi. Za jamii ya ibuprofeni na diklofenaki huzima uvimbe, na uvimbe wa siku za kwanza ni sehemu ya kupona, kwa hiyo mimi sizipendi mwanzoni. Mwenye vidonda vya tumbo, shida ya figo au moyo, shinikizo la damu, au mjamzito, asizimeze kabla ya kuuliza daktari au mfamasia.

Tangu siku ya kwanza kitu kimoja lazima kitembee: vidole na kifundo, juu na chini, mara 10 hadi 20 kila saa ukiwa macho, kadiri maumivu yanavyoruhusu. Hii husukuma maji ya uvimbe kurudi juu.

Kama unatumia fimbo moja au gongo moja, lishike kwa mkono wa upande mzima. Karibu kila mtu hulishika upande unaouma, na matokeo yake hulalia upande ule ule anaotaka kuupumzisha. Fimbo na mguu mgonjwa husonga pamoja. Kwenye ngazi, ukipanda tanguliza mguu mzima. Ukishuka, fimbo na mguu mgonjwa vitangulie.

Hukumu ya asubuhi ya pili

Hiki ndicho kipimo ninachomfundisha kila mgonjwa, awe kipa, mwashi anayepanda ngazi siku nzima au muuguzi anayesimama zamu ya usiku. Yapime maumivu kwa namba, 0 hadi 10. Wakati wa zoezi, jeraha jipya lisivuke 3. Kano inayouma kwa muda mrefu nairuhusu hadi 5. Lakini namba ya wakati wa zoezi ni nusu ya habari, kwa sababu mwili ukipata joto huficha mambo. Jibu lenyewe linakuja kesho yake unapoamka, hatua chache za kwanza kutoka kitandani.

Ukiamka na hali ile ile ya jana asubuhi, au nafuu, kazi uliyofanya ilikuwa sawa. Irudie. Asubuhi mbili au tatu za namna hiyo zikifuatana, ongeza. Ukiamka kiungo kimekaza zaidi, kimevimba zaidi au kinauma zaidi ya jana asubuhi, ulizidisha, kwa hiyo kata kazi nusu, wala usiiache. Wengi hapa hukosea kwa kuacha kila kitu siku tano, kisha wanarudi pale pale walipozidisha, wanavimba tena, na mwezi unaisha wakiyumba kati ya kuzidisha na kulala.

Ongeza jambo moja kwa wakati. Uzito, idadi, kasi au umbali, chagua kimoja. Ukiongeza viwili na asubuhi ikawa mbaya, hutajua kipi kilikuumiza.

Uvimbe usiukisie kwa macho. Chukua futi ya kushonea, zungushia goti katikati ya pia, andika sentimita. Kwa kifundo, zungushia mtindo wa namba 8: kupita juu ya mguu, chini ya unyayo na kuzunguka nyuma juu ya kisigino. Pima asubuhi, mahali pale pale, upande mzima na mgonjwa. Mgonjwa anayekuja na daftari lenye namba hizo ananiokolea nusu saa, na mpango wake unakuwa bora kuliko wa yule anayeniambia "hivi hivi tu."

Kifundo, kuanzia siku ya nne

Unapoweza kutembea hatua fupi bila gongo, anza kurudisha mnyumbuko. Simama ukitazama ukuta, dole gumba likiwa mbali kidogo na ukuta, kisha sukuma goti liguse ukuta bila kisigino kunyanyuka. Sogeza mguu nyuma kidogo kidogo mpaka goti lifike kwa shida, ndipo upime sentimita kati ya dole gumba na ukuta. Pima mguu mzima kwanza. Hiyo ndiyo namba unayoifukuzia. Tofauti ya zaidi ya sentimita 2 kati ya miguu ina maana kwamba kifundo bado kimefungwa, na kifundo kilichofungwa humfanya mtu ageuze mguu nje anapotembea, na baadaye goti linalalamika.

Nguvu inaanza na visigino. Simama kwa miguu miwili, shika ukuta kwa vidole tu, nyanyua visigino juu kabisa, shuka polepole kwa hesabu ya tatu. Ukifikisha 20 bila shida, panda kwa miwili ushuke kwa mmoja, halafu mmoja peke yake. Mtu mzima mwenye afya anakaribia 25 kwa mguu mmoja, ila kipimo chako halisi ni mguu wako wa pili. Msuli mwingine usiusahau: ule wa upande wa nje wa shavu la mguu, unaougeuza unyayo kuelekea nje. Kifundo kinapoteguka, unyayo hugeukia ndani, na msuli huu ndio unaowahi kuuzuia. Funga mpira wa mazoezi kwenye mguu wa meza, pitisha kwenye unyayo, vuta kuelekea nje, rudi taratibu. Seti tatu za 12, kila baada ya siku moja.

Lakini kama ningeruhusiwa zoezi moja tu, ningechagua kusimama kwa mguu mmoja. Ndani ya ligamenti mna vihisio vinavyoujulisha ubongo kifundo kimekaa pembe gani. Ligamenti ikichanika, taarifa hizo zinachelewa, na mguu unateguka tena kwenye jiwe dogo ambalo zamani ungelikanyaga bila kujua. Hii ndiyo sababu kubwa ya watu kusema "mguu wangu huu umeshazoea kuteguka." Haujazoea, haukufundishwa upya. Simama sekunde 30 macho wazi. Ukiweza mara tatu mfululizo bila kugusa chini, geuza kichwa kushoto na kulia huku umesimama. Halafu fumba macho, ukiwa karibu na ukuta. Halafu mtu akurushie mpira uudake. Halafu fanya hayo yote juu ya mto mgumu.

Nilimpokea kipa aliyekuwa anatembea vizuri, hana uvimbe, hana maumivu, na kocha wake alikuwa ameshamwandikia jezi ya Jumamosi. Nikamwambia anyanyue kisigino cha mguu mzima: ishirini na kitu. Mguu ulioteguka ukagoma kabla ya kufika kumi, na alipofumba macho aliyumba sekunde mbili tu akashika meza. Sikuhitaji kumweleza zaidi, alijionea mwenyewe. Alikaa wiki nne nyingine, akifanya kazi kila siku.

Kuruka kunakuja mwisho. Ruka kwa miguu miwili mahali pamoja, kisha mmoja, kisha mbele, kisha upande kwa upande juu ya mstari. Kukimbia kwa kukata kona kunafuata baada ya kuruka upande bila hofu. Kifundo cha kawaida huchukua wiki chache mpaka miezi miwili mitatu kufika huku, kutegemea ligamenti ilichanika kiasi gani. Maumivu yaliyo juu zaidi, mbele kati ya mifupa miwili ya muundi, ni jeraha la aina nyingine na huchelewa. Hilo usilisukume mwenyewe, mwone mtaalamu.

Msuli wa nyuma ya paja

Huu huchanika ukiwa katika kasi kubwa, mguu ukiwa unajiandaa kukanyaga. Mchezaji hushika paja na kusimama ghafla. Kosa la kawaida baada ya hapo ni kuunyoosha. Watu huhisi umekaza, wanainama kugusa vidole kila saa, na kila mara wanavuta pale pale palipochanika. Usiunyooshe kwa nguvu wiki ya kwanza.

Anza kwa kuukaza bila kusogea. Lala chali, goti limekunjwa kidogo, kandamiza kisigino chini sekunde 10, mara kadhaa. Ukivumilia, nyanyua nyonga kwa miguu miwili, siku zikipita sogeza visigino mbali zaidi na makalio, kisha nyanyua kwa mguu mmoja. Kukimbia kunaanza kwa mwendo wa kutembea haraka, halafu mchakamchaka, halafu kasi ya wastani, na kila hatua inangoja hukumu ya asubuhi. Mbio za nguvu zote ndizo kipimo cha mwisho, na lazima uzipige mazoezini mara kadhaa kabla ya mechi. Mchezaji ambaye hajawahi kufungua kasi yake yote tangu aumie hajapona, hata akisema nini.

Baada ya hapo, na kwa wasioumia pia, kuna zoezi linaloitwa Nordiki. Unapiga magoti, mwenzio anakushika vifundo, unaanguka mbele polepole ukijizuia kwa misuli ya nyuma ya paja mpaka ushindwe, unajidaka kwa mikono. Tafiti zilizokusanywa pamoja zinaonyesha timu zinazolifanya hupunguza majeraha ya msuli huo kwa takribani nusu. Anza na siku moja kwa wiki, seti mbili za kurudia mara 3 hadi 5, maana siku mbili za kwanza utaumwa paja, na wengi huacha hapo.

Kano, ambayo haipendi haraka

Kano ya kisigino ikianza kuuma, asubuhi hukaza, ukitembea inalegea, jioni inarudi. Aliyepumzika wiki sita huja akiwa na furaha kwamba maumivu yameisha, anakimbia mara moja, yanarudi. Mapumziko yalipunguza maumivu na kano ikazidi kudhoofika.

Mwaka 1998 Håkan Alfredson na wenzake wa Sweden walichapisha matokeo ya wakimbiaji waliokuwa wameshapoteza matumaini. Walishusha kisigino polepole kwenye ukingo wa ngazi, seti 3 za 15, goti likiwa limenyooka na kisha likiwa limekunjwa, mara mbili kwa siku, wiki 12, maumivu yakiruhusiwa, na walirudi kukimbia. Tafiti za baadaye zimeonyesha kwamba mazoezi mazito ya taratibu, mara tatu kwa wiki, hufanya kazi vizuri pia, na wagonjwa wangu wenye familia na kazi huyamudu zaidi. Unalopaswa kujua ni zile wiki 12. Kabla hujaanza, kubali hiyo miezi mitatu.

Maumivu ya ghafla nyuma ya kisigino, mtu akageuka kutazama nani amempiga teke na hakumwona yeyote, ni jambo jingine. Lala kifudifudi, miguu ikining'inia nje ya kitanda, mtu akubane shavu la mguu. Unyayo usiposogea kuelekea chini, kano inaweza kuwa imekatika. Nenda hospitali siku hiyo.

Goti na bega

Goti lililojaa maji huuzima msuli wa mbele ya paja. Mgonjwa anajitahidi na msuli haukazi, akidhani ni uvivu. Si uvivu, ni mwili unaoufunga msuli kwa sababu ya uvimbe. Kwa hiyo kwanza shusha uvimbe, kisha kaza paja huku goti likiwa limenyooka, sekunde 5, mara nyingi kwa siku, mpaka pia ya goti ipande ukiiona. Kunyoosha goti kabisa ni muhimu kuliko kulikunja katika wiki za kwanza. Msilaze goti juu ya mto usiku kucha, linazoea kukunjika. Goti lililosikika likilia "ta!" wakati wa kugeuka na kujaa ndani ya saa chache, au linalokwama lisinyooke, lichunguzwe. Lile lililolia na kujaa, mara nyingi ligamenti ya mbele ya msalaba, iliyo ndani katikati ya goti, imekatika. Baada ya upasuaji wa ligamenti hiyo, miezi 9 ndiyo mapema kabisa kwa michezo ya kukata kona. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba kila mwezi unaosubiri, mpaka kufikia 9, hupunguza kuumia tena kwa takribani nusu.

Goti la mzee lenye gegedu iliyolika nalo linahitaji kazi. Kukaa na kuinuka kwenye kiti bila kushika mikono, seti tatu, ni dawa ambayo vidonge haviizidi.

Bega nitalisema kwa kifupi. Bega lililotoka lirudishwe hospitali, na kabla na baada ya kurudishwa hisia ya ngozi ya upande wa nje wa bega ichunguzwe, kwa sababu kuna mshipa wa fahamu unaopita hapo. Na bega linalokaza taratibu bila kuumia, mkono ukishindwa hata kuzungushwa nje na mtu mwingine, kwa mtu wa miaka 40 hadi 60, hasa mwenye kisukari, huenda ni bega lililoganda. Hilo huchukua mwaka hadi mitatu. Kulilazimisha katika miezi ya maumivu makali ni ukatili usio na faida.

Ukija kwa mtaalamu

Njoo na kaptura kama ni mguu, na shati linalofunguka kama ni bega. Leta picha, majina ya dawa unazotumia, na viatu unavyotembelea au kuchezea. Jiandae kueleza uliumiaje: mguu uligeukia wapi, ulisikia nini, uliendelea au ulitoka.

Mtaalamu mzuri atakuuliza unataka kurudi kwenye nini, atakupima pande zote mbili, na utatoka na mazoezi machache unayoyajua kwa mwili wako. Matatu yanayofanywa yanashinda kumi yaliyoandikwa. Mashine za umeme na joto zinaweza kukutuliza, lakini ukilazwa chini ya mashine kila mara, ukaenda nyumbani bila kusimama hata mara moja, uliza mazoezi yako yako wapi. Una haki ya kuuliza pia: nini kinauma hasa, itachukua wiki ngapi, na nitajuaje kwamba nimepona.

Kwa swali hilo la mwisho jibu langu halibadiliki. Uvimbe umekwisha. Mnyumbuko unalingana na upande mzima. Nguvu na umbali wa kuruka kwa mguu mmoja vimefika asilimia 90 ya upande mzima au zaidi. Umefanya mazoezi kamili ya timu, au zamu nzima ya kazi, mara kadhaa, na asubuhi zake zimekuwa njema. Na huogopi. Mchezaji anayekanyaga kwa hofu hukanyaga vibaya.

Siku ya kurudi, anza na dakika chache. Timu ambayo haina utaratibu wa kupasha mwili ichukue ule wa FIFA unaoitwa 11+. Huchukua dakika 20, hautaki kifaa zaidi ya mpira, na ukifanywa angalau mara mbili kwa wiki hupunguza majeraha kwa karibu theluthi. Aliyeteguka kifundo avae kishikilio au afungwe bandeji ya kunata kwenye mechi kwa mwaka mzima, na zoezi la mguu mmoja aliendeleze mara tatu kwa wiki mwaka huo wote, hata akilifanya huku anapiga mswaki.